“Ni ya Asili Tupu?”: Jibu Langu kwa Wanaonikuta Nikisaga Poda

Kila anayenikuta barazani nikisaga poda, awe jirani aliyekuja kuazima ungo au mgeni aliyeelekezwa kwangu na ndugu zake, huniuliza swali lile lile kabla hajaketi vizuri: “Hii ni ya asili tupu, sivyo?” Kabla sijamjibu humwomba aitazame mikono ya mama yangu. Mama alibangua korosho kwa miaka mingi, hapa hapa Mtwara, na ingawa kila asubuhi alijipaka majivu na mafuta kabla ya kuanza kazi, vidole vyake vimebaki na makovu meusi ambayo hayajafutika hata baada ya kuiacha kazi hiyo. Kilichomuunguza ni mafuta ya ganda la korosho, ambayo mkorosho hujitengenezea wenyewe bila kupita kiwandani, na ambayo yamejaa asidi ya anakadi na kadoli, kemikali zinazochoma na kuvimbisha ngozi. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, ndiyo maana utomvu wa embe bichi huwasha midomo ya watoto wanaoliuma pamoja na ganda lake. Sisi watu wa Kusini tumelijua jambo hili mikononi mwetu kabla ya kulisoma popote, na kwa hiyo huniuma ninapoona mtu wa kwetu akinunua kopo la krimu kwa sababu tu limeandikwa “asili” kwa herufi za kijani.

Yapo maswali mawili ninayoyathamini kuliko hilo. La kwanza ni hili: kila kitu kimo kwa kiasi gani? La pili: kina usafi gani, na nani ameupima? Karibu yote ninayoyajua kuhusu kutengeneza vipodozi nyumbani nimeyapata kwa kuyafuata maswali hayo mawili, mara nyingi baada ya kumwaga kitu kilichoharibika.

Nilianza mwaka 2018 kwa ajili ya shangazi yangu, mdogo wa baba. Alikuwa ametumia mkorogo kwa zaidi ya miaka minne. Kwa miezi ya mwanzo uso wake uling’aa kama alivyotaka, kisha mashavu yakaanza kuota mabaka ya rangi ya kijivu inayoelekea buluu, mishipa midogo ikaonekana chini ya ngozi, na jua la saa nne tu likawa linamchoma kama la saa nane. Daktari wa ngozi alimweleza kwa utulivu, mimi nikiwa pembeni, kwamba haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, inapotumiwa muda mrefu bila usimamizi inaweza kuigeuza ngozi ikawa nyeusi zaidi ya ilivyokuwa, kwamba steroidi kali huifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu, na kwamba zebaki, ikiwa imo, hupenya mwilini na kudhuru figo. Nchi yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeviweka vipodozi vya zebaki miongoni mwa bidhaa zinazotakiwa kuondolewa duniani, lakini mkorogo huchanganywa uani na kuuzwa bila jina, kwa hiyo anayeununua hana hata lebo ya kusoma. Shangazi aliniomba vitu viwili: kitu cha kupaka kisichomdhuru, na kitu cha kuyafunika yale mabaka ili aweze kwenda harusini bila kujitanda kanga usoni.

Nikaanzia kwenye mafuta, kwa kuwa yalikuwapo jikoni. Mafuta ya nazi tunayoyajua huku ni yale ya kukuna kwa mbuzi, kukamua tui, kuliacha lilale usiku mzima na kulichemsha polepole mpaka mafuta yajitenge na yale masalia ya kahawia. Uzuri wake hutegemea dakika za mwisho kwenye moto. Ukiyaepua mapema, wakati mapovu madogo bado yanapanda kutoka chini, maana yake yamebaki na maji, na maji hayo yatayaharibu harufu ndani ya wiki chache. Ukiyaacha mpaka mapovu yakome kabisa, kisha ukayachuja kwa kitambaa kikavu, yatakaa miezi. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauri, mojawapo ya asidi za mafuta, na kwa ngozi ya mwili na nywele sijaona ya kuyashinda, ila usoni kwa mtu mwenye chunusi huziba vinyweleo, na hilo nimeliona kwa wadogo zangu wawili.

Usoni napendelea mafuta ya ufuta. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa inayolima ufuta kwa wingi nchini, na baada ya mavuno si vigumu kumpata mtu mwenye mashine ndogo ya kukamulia atakayekukamulia kilo zako mbele ya macho yako. Asidi zake kuu mbili, oleiki na linoleiki, zimekaribiana kwa kiasi, na zaidi ya hapo ufuta una vilinzi vyake vya asili vinavyoyachelewesha mafuta yasiharibiwe na hewa, jambo lenye thamani kubwa katika joto letu. Wako watu ambao mwili wao hauupokei ufuta hata kidogo, kwa hiyo humwuliza kila mtu kabla ya kumpa.

Mafuta ya mgando ya nyumbani yalinishinda mwanzoni kwa sababu nilifuata vipimo vya watu wa nchi za baridi. Wao huweka nta ya nyuki sehemu 10 katika 100, nazo mafuta ya nazi huwasaidia kugandisha, maana huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 24. Kwetu, mchana hupita nyuzi 24 hata mwezi Julai. Kopo la kwanza nililompelekea mama mdogo Newala lilifika likiwa supu, na mkoba wangu ulilowa mpaka kwenye daftari. Sasa natumia nta sehemu 20, mafuta ya ufuta 60 na ya nazi 20. Nta yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo naiyeyusha ndani ya bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, wala siiweki motoni moja kwa moja. Nta nzuri ninayoipata hutoka kwa warina asali wa upande wa Liwale, na huja na vipande vya mabawa ya nyuki na majani, kwa hiyo lazima ichujwe mara mbili.

Mimea nayo huiloweka katika mafuta haya: majani ya mwarobaini, maua ya rosela, wakati mwingine majani ya mlonge. Sharti langu moja ni kwamba jani liwe limekauka mpaka linavunjika mkononi, kwa sababu jani bichi hubeba maji, na maji ndani ya mafuta ni mwanzo wa ukungu. Mafuta ya karafuu nayaheshimu sana, na kwa sababu hiyo natumia kidogo sana, chini ya tone moja kwa kila gramu 10, kwani yuginoli iliyomo ndani yake huchoma ngozi ikizidi. Manjano nimeyaacha kwenye vipodozi vya kukaa usoni. Rangi yake hubaki kwenye kola na mito, na sijaridhika kwamba faida yake usoni inalingana na usumbufu huo. Kwenye singo ya bibi harusi, inayosuguliwa na kuoshwa siku hiyo hiyo, ni jambo jingine kabisa.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniuma. Krimu ya kwanza niliyomtengenezea shangazi ilikuwa ya ute wa mshubiri mbichi niliouchota kwenye chungu nje ya mlango, mafuta ya nazi, na matone kadhaa ya vitamini E ambayo niliambiwa ndiyo kihifadhi. Ilikuwa masika. Siku ya tano niliona madoa ya kijani kwenye mdomo wa kopo, lakini shangazi alikuwa ameshajipaka siku nne, na ngozi yake ambayo tayari ilikuwa dhaifu ilitoa vipele vyenye usaha kuanzia kidevuni hadi sikioni. Vitamini E huyakinga mafuta yasiharibiwe na hewa. Haiui bakteria hata mmoja. Ute wa mshubiri una maji na sukari, na joto la Mtwara ni joto ambalo bakteria wangelichagua wenyewe kama wangeulizwa. Ukungu unaouona ni wa mwisho kufika, na kabla yake huwa wameshafika wasioonekana.

Nilipokuwa nikimwombea shangazi apone, nilitafakari sana kuhusu liwa. Mabibi zetu wa pwani walisugua kijiti cha liwa juu ya jiwe lenye marashi, wakajipaka, wakaosha. Ng’ambo ya Mto Ruvuma, wanawake wa Kimakua wa kaskazini mwa Msumbiji hufanya hivyo kwa musiro, ule uji mweupe unaotokana na kusugua kijiti cha mti juu ya jiwe lililoloweshwa maji. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetengeneza liwa ya miezi mitatu. Walitengeneza ya asubuhi hiyo, wakaimaliza asubuhi hiyo, na kesho yake walianza upya. Usalama wa vipodozi vyao ulikuwa ndani ya desturi hiyo ya kusugua kila siku, nasi tumeichukua mimea yao tukaiacha desturi, kisha tunashangaa kopo likioza. Anayetaka kitu kibichi afuate mwendo wao: atengeneze cha siku moja. Anayetaka kopo la kukaa mwezi mzima hana budi kuweka kihifadhi cha kweli.

Tangu hapo krimu yangu ina mpangilio ambao nimeubadilisha mara chache tu. Katika gramu 100, maji yaliyokenekwa ni gramu 70, gliserini 4, niasinamidi 4, panthenoli ya kulainisha ngozi 1, mafuta ya ufuta 12, nta maalumu ya kuunganisha mafuta na maji 6, setili alkoholi 2 ya kuipa uzito, na kihifadhi 1. Kihifadhi changu ni fenoksiethanoli iliyochanganywa na msaidizi wake, na sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu fenoksiethanoli ipite asilimia 1 katika kipodozi, nami sijawahi kuipita. Maji na vinavyoyeyuka ndani yake huwekwa chombo kimoja, mafuta na nta chombo kingine, vyote viwili vikapata nyuzi 70 hadi 75, kisha humimina cha mafuta ndani ya cha maji huku nikikoroga kwa mashine ndogo ya mkono. Mchanganyiko hubadilika ghafla ukawa mweupe kama tui zito. Sijawahi kuichoka dakika hiyo. Kihifadhi hukisubirisha mpaka krimu ishuke chini ya nyuzi 40, kisha napima uchachu wake kwa karatasi za pH, kipimo ambacho namba ikishuka uchachu huzidi, nikilenga kati ya 5.5 na 6.

Nusu ya kazi hiyo hufanyika kabla ya kuwasha jiko. Meza hufutwa kwa spiriti, vijiko na makopo hupanguswa kwa spiriti na kuachwa vikauke vyenyewe, nywele hufungwa, na feni huzimwa ingawa joto ni kali, kwa sababu feni hupeperusha vumbi la nyumba nzima kuliweka kwenye sufuria. Mizani yangu hupima hadi sehemu ya mia ya gramu, nayo ndiyo kifaa cha kwanza nilichonunua baada ya tukio la shangazi. Kijiko cha chai hakipimi niasinamidi. Kijiko changu na chako havilingani, na unga ulioshindiliwa haulingani na unga uliolegea.

Niasinamidi inastahili maelezo zaidi, maana ndiyo niliyompa shangazi badala ya mkorogo. Ni aina ya vitamini B3, unga mweupe unaoyeyuka kwenye maji bila taabu. Ngozi yetu nyeusi inapopata jeraha, hata la chunusi dogo, hujibu kwa kutengeneza rangi nyingi mahali hapo, na doa hubaki muda mrefu baada ya chunusi kuondoka. Niasinamidi haiuharibu utengenezaji wa rangi. Hupunguza kupita kwa chembe za rangi kutoka kwenye seli zinazozitengeneza kwenda kwenye seli za juu tunazoziona. Kwa sababu hiyo haimfanyi mtu mweupe, na huifanya kazi yake polepole: wiki nane hadi kumi na mbili, kila siku, kwa kiwango cha asilimia 2 hadi 5. Uchachu ukizidi sana inaweza kugeuka asidi ya nikotini na kuufanya uso uwake moto kwa muda, ndiyo maana siichanganyi na ndimu wala na asidi nyingine kali. Vitamini C niliijaribu pia nikaiacha. Asidi ya askobiki hutaka uchachu wa chini ya pH 3.5, na katika kabati langu iligeuka rangi ya chai kabla ya mwezi kuisha.

Kuhusu ndimu sina upole. Mtoto wa dada yangu, binti wa miaka kumi na saba, alijisugua shingo na mikono kwa ndimu na magadi soda siku ya Jumamosi asubuhi ili ang’ae, kisha akaenda na wenzake ufukweni Shangani. Jumatatu alikuwa na malengelenge yaliyofuata michirizi ile ile ya maji ya ndimu, na michirizi hiyo ilibaki myeusi kwa miezi. Ndimu ina kemikali ziitwazo furanokumarini ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza. Halafu upo uchachu: maji ya ndimu yana pH ya karibu 2, magadi soda yanapita 8, na ngozi yenye afya hukaa karibu na 5. Kuitoa ngozi upande mmoja na kuitupa upande wa pili ndani ya nusu saa ni kuibomoa, hata kama vyote viwili vimetoka jikoni kwa mama.

Sasa poda, ambayo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Shangazi ana rangi ya korosho iliyokaangwa ikakolea, yenye wekundu kwa chini. Poda za dukani tulizojaribu zilimwacha na uso wa kijivu kama aliyepangusa jivu la mkaa, na sababu yake nimekuja kuielewa: poda nyingi hutiwa kwa wingi dioksidi ya titani au oksidi ya zinki, unga mweupe unaofunika vizuri, kisha hutiwa rangi kidogo juu yake. Kwa ngozi nyeusi, weupe huo ukizidi hakuna rangi itakayouficha. Dawa yake ni kupunguza weupe na kuongeza rangi yenyewe, na rangi hiyo ni oksidi ya chuma, yaani kutu. Kuna nyekundu, kuna ya njano, kuna nyeusi, na kwa hizo tatu unaweza kuufikia uso wa karibu kila mtu wa pwani hii na wa bara yake.

Hapo nikakutana tena na lile swali la asili. Ardhi ya uwanda wa Makonde ni nyekundu, na wekundu wake ni chuma hicho hicho. Mama mdogo alinitumia kutoka Newala mfuko mzima wa udongo mwekundu mzuri, akanihimiza niuchekeche na kuusaga, kwa kuwa “ni wa asili na ni bure”. Wiki hiyo hiyo fundi ujenzi wa mtaani kwetu alinishauri niende kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambako oksidi nyekundu, ya njano na nyeusi huuzwa kwa kilo kwa ajili ya kupaka rangi sakafu za saruji. Nilikuwa na kutu ya ardhini, kutu ya dukani, na kutu ya tatu, ya vipodozi, ambayo ingenilazimu kuagiza kwa bei kubwa kutoka Dar es Salaam kwa gramu chache. Zote tatu zina jina moja la kikemia.

Tofauti ni kile kinachokuja pamoja nazo. Udongo hubeba metali nyingine zilizokuwa mahali pale, zikiwemo risasi na aseniki kama zipo, na hubeba pia vijidudu, pamoja na mbegu za pepopunda ambazo maskani yake ni udongo. Oksidi ya sakafu imetengenezwa kwa ajili ya saruji, na anayeitengeneza hana sababu ya kujali kama mtu ataipumua au kuipaka karibu na jicho. Ya vipodozi hutengenezwa kiwandani makusudi ili isibebe uchafu wa ardhini, na kwa mfano kanuni za Marekani hutaka isizidi sehemu 10 za risasi, 3 za aseniki na 3 za zebaki katika kila sehemu milioni. Katika vitu hivyo vitatu, cha asili kabisa ndicho nisichoweza kujua ndani yake mna nini. Udongo wa mama mdogo nimeuweka kwenye chungu cha mshubiri, nao mshubiri umestawi.

Mchanganyiko wa shangazi kwa sasa, katika gramu 100, una mika laini, yaani unga wa jiwe linalometa, 42, kaolini 15, oksidi ya zinki 8, magnesiamu stearati 5 ya kuifanya poda ishike ngozi, na oksidi za chuma 30, ambapo ya njano ni 14, nyekundu 12 na nyeusi 4. Kaolini ni udongo mweupe, na milima ya Pugu nje kidogo ya Dar es Salaam inajulikana kwa udongo huo, ila mimi hununua iliyosafishwa kwa ajili ya ngozi, kwa sababu zile zile nilizozieleza. Oksidi ya zinki nayo ina daraja za viwanda vya mpira na daraja za dawa na vipodozi, na anayenunua lazima aulize cheti kinachoonyesha daraja lake kabla ya kutoa fedha.

Kusaga ndiko kunakoitoa rangi. Mara ya kwanza ukikoroga kwa kijiko utaona poda ya maziwa yenye chembe nyekundu, na utadhani umekosea vipimo. Endelea kusaga katika kinu cha mawe au mashine ndogo ya viungo kwa vipindi vifupi, na rangi itafunguka, itakolea, mpaka ukiipangusa kwenye karatasi nyeupe hauoni tena mstari wa njano au wekundu. Ile nyeusi huiongeza mwisho, kwa robo gramu, kwani ikizidi hairudi. Barakoa ya kuzuia vumbi siivui hata mara moja, wala simruhusu mtoto akae karibu, maana unga huu ukiingia mapafuni ni unga, hata uwe safi namna gani. Poda kavu haihitaji kihifadhi kwa kuwa haina maji, lakini brashi mbichi ikiingizwa ndani ya kopo, usalama huo umekwisha.

Rangi huipima kwenye taya, karibu na mlango, kwa mwanga wa asubuhi. Taa ya ndani hudanganya. Paji la uso pia hudanganya, kwa sababu kwa wengi wetu ni jeusi kuliko mashavu. Na wanaponiambia watu wa Kusini wana “rangi moja”, huwafungulia daftari langu lenye michanganyiko 23 ya nyuso za ukoo wangu peke yake.

Jambo moja ambalo nimekataa kulitengeneza ni mafuta ya kuzuia jua. Watu hunisihi, wakisema zinki si ndiyo hiyo hiyo. Kinga hutegemea jinsi chembe za zinki zilivyotawanyika kwa usawa katika kila sehemu ya krimu, nami sina chombo cha kulipima hilo nyumbani. Krimu inaweza kuonekana laini kabisa na bado ikaacha mianya. Poda nayo haitoshi, kwa kuwa vipimo vya kinga ya jua hufanywa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba, kiasi ambacho hakuna anayejipaka poda akakifikia. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, kukosea hapa kunaweza kuleta saratani, na Tanzania inayo mafuta yaliyobuniwa kwa ajili yao, Kilisun, ambayo kazi yake ilianzia Moshi chini ya wataalamu wa ngozi. Mafuta ya nazi pekee si kinga ya jua, na namwomba kila anayesoma hapa asimpake mtoto mwenye ualbino akidhani amemlinda. Hata hivyo oksidi za chuma zina msaada wake wa pembeni: huzuia sehemu ya mwanga unaoonekana, ambao nao huongeza madoa kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo shangazi hupaka kwanza mafuta ya jua ya dukani, kisha poda yenye rangi juu yake.

Wengi huniuliza bei. Siuzi. Tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi nchini uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na anayetaka kuuza lazima bidhaa yake na mahali anapotengenezea vikaguliwe, jambo ambalo naliona ni haki kabisa kwa mtu anayegusa ngozi za watu asiowajua. Nikifikia hapo nitaanza kwa kwenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kuuliza namna ya kupanga chumba cha kazi, kwani baraza yenye kuku si mahali pa biashara hiyo. Kwa sasa nawapa ndugu na majirani, na kila mmoja lazima kwanza ajipake kidogo kwenye kiwiko kwa ndani na asubiri siku mbili. Asiyeweza kusubiri siku mbili simpi.

Mabaka ya shangazi yamepungua kwenye shavu la kushoto. La kulia bado, na daktari alishatuambia kwamba yale ya rangi ya buluu huenda yasiondoke yote. Wiki iliyopita aliniletea taarifa kwamba poda inamwachia wekundu kando ya pua ifikapo adhuhuri, jasho likishaanza. Nimepunguza nyekundu kutoka 12 hadi 10, nikaipandisha ya njano hadi 15 na mika hadi 43. Nimesaga gramu 20 tu za kujaribia. Jumamosi atakuja mapema, tutakaa pale mlangoni kabla jua halijapanda, na nitampaka upande mmoja wa zamani na upande mmoja wa mpya.